Mwalimu Aliyeanza kwa Kujifunza

Tukiulizwa kwa nini wengine hufaulu shuleni na wengine huacha masomo, twataja karo, madaftari na urefu wa njia. Ni kweli. Lakini historia yaonyesha sababu nyingine: namna mwalimu amtazamavyo mwanafunzi wake.

Shirika la Mapadre Weupe lilianzishwa mwaka 1868 na Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algeri. Aliwaagiza wamisionari wake wajifunze lugha ya watu waliotumwa kwao. Basi walipofika Mpala, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, iliwapasa kuketi mbele ya wenyeji kama wanafunzi kabla ya kusimama kama walimu.

Katika shule zao alilelewa kijana Mtabwa, Stefano Kaoze. Alisoma Kilatini na Kifaransa, wala hakuitupa hekima ya wazee wake. Mwaka 1910 maandishi yake juu ya fikra za Wabantu yalianza kuchapishwa katika jarida la Kibelgiji, La Revue congolaise. Mwanafunzi akawafundisha wasomi wa Ulaya. Tarehe 21 Julai 1917 Askofu Victor Roelens alimpa upadre huko Baudouinville, ndiyo Moba ya leo. Alikuwa padre wa kwanza wa Kongo ya Kibelgiji aliyezaliwa nchini.

Tusipambe mambo: zama zile zilikuwa za ukoloni, na wengi waliowatawala wazee wetu waliwahesabu kama watoto. Hata hivyo, penye mwalimu aliyekubali kufundishwa, mlango ulifunguka.

Nasi tuliosomea ualimu tulikosea. Miaka yetu ya kwanza darasani tulimwona kijana akiinamisha macho kila alipoulizwa, tukamwita mkaidi mbele ya wenzake. Kumbe kwao kumkazia mkubwa macho ni kukosa adabu. Alikuwa akituheshimu, nasi tukamwaibisha. Hakumaliza mwaka. Mwingine alinyamaza tulipouliza kwa Kifaransa, tukadhani hajui. Tulipouliza kwa Kiswahili, alieleza vizuri kuliko wote. Huyu tulimwahi.

Hapa Kibombo Mkusu hukaa dawati moja na watoto waliotoka mbali, na mara nyingi mwalimu mwenyewe ni mgeni. Mgeni huuliza njia. Mwalimu aulize, na mwanafunzi asiogope kumweleza kwa heshima.

Tutafakari pamoja: ni mwenzetu gani darasani anayedhaniwa hajui, kumbe hajaulizwa kwa lugha anayoielewa?