Unukuzi: jeni zinazoongoza kuumbika kwa ua

unukuzi nm [u-] (biolojia) kitendo cha seli kunakili maelekezo ya jeni kutoka DNA kwenda RNA.

Maelezo. Katika matumizi ya kawaida, kunukuu ni kuyachukua maneno ya mwingine jinsi yalivyo. Biolojia imehifadhi maana hiyo: jeni hunukuliwa kuwa RNA, kisha RNA hutumika kutengeneza protini. Hatua hii ya pili ndiyo iitwayo tafsiri. Maneno haya mawili hayabadilishani nafasi.

Jeni hazinukuliwi zote kwa wakati mmoja. Zipo protini zinazojishikiza kwenye DNA na kuamua jeni ipi inukuliwe, wapi na lini. Protini hizo nazo zina jeni zake, na hizo ndizo jeni za kuongoza unukuzi.

Mfano. Arabidopsis thaliana ni mmea mdogo wa jamii ya haradali. Viungo vya ua lake vimepangwa kwa duru nne, kutoka nje kwenda ndani: sepali, petali, stameni na kapeli. Mwaka 1991, Enrico Coen na Elliot Meyerowitz walieleza mpangilio huo kwa makundi matatu ya jeni. Kundi A pekee huleta sepali. A pamoja na B, petali. B pamoja na C, stameni. C pekee, kapeli. Aidha, A na C huzuiana, kila moja ikibaki katika eneo lake.

Matumizi. Tafsiri nyingi hutumia *kudhibiti* kwa kazi zote hizi. Katika Kiswahili, kitenzi hicho huelekea zaidi kwenye maana ya kubana au kuzuia. Mwanafunzi anayesoma kwamba «jeni AGAMOUS hudhibiti stameni» anaweza kudhani kuwa ikiharibika stameni zitaongezeka. Ukweli ni kinyume chake. AGAMOUS ni jeni ya kundi C. Ikikosekana, petali hushika nafasi ya stameni, na mahali pa kapeli huanza ua jingine ndani ya ua. Mmea huo haupati chavua wala mbegu.

Inafaa, basi, kutenganisha vitenzi: *kuongoza* kwa maana ya jumla, *kuamsha* pale protini inapoanzisha unukuzi, na *kuzuia* pale inapousimamisha.

✓ AGAMOUS huongoza kuumbika kwa stameni na kapeli.
✓ AGAMOUS huzuia jeni za kundi A katikati ya ua.
✗ AGAMOUS hudhibiti stameni.