Antene ya inje: nini ya kuchagua kama emeteri iko mbali

Uvira, Bujumbura inaonekana kwa macho ngambo ya ziwa Tanganyika. Antene ndogo juu ya bati mara mingi inatosha. Lakini mulima ukikata njia, hata antene ya bei kali haisaidii sana, ju mawimbi ya televizyo yanasafiri karibu sawa na mwangaza.

Kwa hiyo ufikirie mti kwanza. Mahali tambarare, antene ya metre 4 inaona kama kilometre 8. Ya metre 9 inafika 12. Unaongeza umbali ambao emeteri yenyewe inaona toka juu ya mulima wake.

Kwa mbali, watu wanachukua Yagi, ile ya vijiti vingi iliyotoka Japani mwaka 1926. Televizyo ya numeriki inapita hasa kwa UHF: vijiti vya santimetre 20 hadi 32 ndivyo vya kutafuta, hata kama muuzaji anasifu vile virefu. Uangalie pia antene za jirani: vijiti vimelala ao vimesimama? Fanya vilevile.

Amplifikateri inawekwa juu karibu na antene. Ikikaa nyuma ya televizyo, inakuza makelele ambayo waya imeisha kuokota. Waya ni ya 75 ohm, bila kuunga-unga. Geuza antene polepole: numeriki inachelewa kidogo kuonyesha picha.

Radi ya kwetu ni kali. Mti wa chuma uunganishwe na udongo, na mvua ikikaribia, chomoa waya ya antene na ya courant.