Nani Huandika Jina la Bingwa?

Babu alikuwa bingwa wa bao Lizaboni. Watu walimwita Fundi na hakuna aliyebisha. Alipofariki, ubingwa ulizikwa naye, maana haukuwa umeandikwa popote.

Sataranji nayo ilikuwa na mambo yake. Bingwa wa dunia alijichagulia wa kucheza naye, na asiye na dau alibaki mtazamaji. Shirikisho la kimataifa, FIDE, lilianzishwa Paris tarehe 20 Julai 1924, lakini taji halikuwa mikononi mwake. Mwaka 1946 Alexander Alekhine alifariki akiwa bado bingwa, kiti kikabaki wazi. FIDE ikaandaa mashindano ya watu watano mwaka 1948. Mikhail Botvinnik akashinda. Mwaka 1950 ikaanza kutoa vyeo rasmi, na mwaka 1970 ikapokea mfumo wa pointi wa Arpad Elo.

Wapo wanaosema shirikisho ni ada na siasa tu. Hawajakosea sana. Lakini mwaka 2012, kwenye Olimpiadi ya sataranji Istanbul, Phiona Mutesi, binti aliyekulia mtaa wa mabanda wa Katwe, Kampala, alijipatia cheo cha FIDE. Cheo hicho hakikuuliza kwao ni wapi, na kinatambulika Katwe sawa na Moscow.

Bao la babu ninalo: mashimo 32, kete 64. Siku hizi jioni, wazee wakikaa kucheza, nami huja na daftari. Naandika nani kamfunga nani, na tarehe.