Bilinganya iliyooza ya Durban na dawa zilizochoka



Hapa tumezoea kuandika historia za vita na mipaka, maana ndizo zilizotuleta kambini. Leo tunaandika historia ya dawa. Inaanzia London, inarudi nyuma hadi Paris na Tbilisi, na katikati yake kuna bilinganya moja iliyooza kule Durban, Afrika Kusini. Someni polepole, si ngumu.

Mwaka 2017 msichana mmoja wa Uingereza, mwenye miaka 15, alipandikizwa mapafu mawili mapya. Alizaliwa na ugonjwa wa kurithi unaoitwa sistiki faibrosisi. Kwetu hausikiki sana, lakini jinsi unavyorithiwa mnaijua tayari, kwa sababu ni kama selimundu, ule ambao wengi wetu tunauita SS. Baba anabeba jeni moja yenye kasoro na haumwi. Mama naye anabeba moja na haumwi. Wakizaa, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto mgonjwa. Hakuna aliyerogwa, hakuna aliyekosea. Huko Uingereza anazaliwa takriban mtoto 1 mwenye ugonjwa huu kati ya watoto 2,500. Jeni yenyewe iligunduliwa mwaka 1989, na watafiti waliotangaza walikuwa wa Kanada na Marekani.

Ugonjwa huu unafanya makohozi yawe mazito kama gundi. Yanakwama ndani ya mapafu, na bakteria wanapata mahali pa kukaa. Kwa hiyo mtoto anameza antibiotiki tangu utotoni, mwaka baada ya mwaka, na bakteria wanaobaki ni wale tu ambao dawa zimewashindwa. Msichana wetu alikuwa na bakteria anayeitwa Mycobacterium abscessus. Ni ndugu wa bakteria wa kifua kikuu, ila mkaidi kuliko TB ya kawaida. Baada ya upasuaji, madaktari walilazimika kumpa dawa za kupunguza kinga ili mwili usiyakatae mapafu mapya. Bakteria wakaona mlango uko wazi. Waliingia kwenye kidonda cha kifua, wakafika kwenye ini, wakatokeza vinundu kwenye ngozi. Antibiotiki zikawa hazisaidii, tena zinamuumiza.

Hapo mama yake akafanya kile ambacho mama yeyote hapa kambini angefanya kama ana bando: akatafuta kwenye intaneti. Akasoma kuhusu virusi wanaoua bakteria, akawauliza madaktari wa hospitali ya watoto ya Great Ormond Street. Nao hawakumcheka. Hilo tunalisifu, maana si kila mahali mama akileta alichosoma anasikilizwa.

Sasa turudi nyuma miaka mia moja.

Virusi hao wanaitwa bakteriofaji, kwa ufupi faji. Mtu hawamdhuru, wao wanawinda bakteria tu. Faji anatua juu ya bakteria, anaingiza jeni zake ndani, anajizidisha humo, halafu anampasua na kutoka na watoto wake. Mwingereza Frederick Twort aliona dalili zao mwaka 1915. Mwaka 1917 Félix d'Hérelle, aliyekuwa akifanya kazi katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris, akawaona kwenye kinyesi cha askari waliougua kuhara damu, akawapa hilo jina. Huyu d'Hérelle tunampenda kidogo kuliko wengine. Hakuwa na shahada ya sayansi. Alijifunza mwenyewe, akazunguka Guatemala, Mexico na Argentina akifanya kazi alizopata, akijaribu hata kuua nzige kwa bakteria. Mwaka 1919 aliwapa faji watoto wagonjwa wa kuhara damu katika hospitali ya Paris, lakini kwanza aliinywa dawa hiyo yeye mwenyewe pamoja na wenzake, kuona kama ina madhara. Baadaye akaenda India kupambana na kipindupindu.

Rafiki yake, Giorgi Eliava, aliirudisha elimu hiyo kwao Georgia, na mwaka 1923 wakaanza taasisi mjini Tbilisi. Mwaka 1937 utawala wa Stalin ulimkamata Eliava na kumuua. Taasisi ilibaki. Hadi leo ipo, inaitwa kwa jina lake, na wagonjwa wanasafiri kutoka nchi nyingine kwenda kutibiwa pale. Sisi tuliokimbia nchi ambako msomi anaweza kupotea usiku mmoja, hapo tulisoma mara mbili.

Kwa nini basi dunia nyingine iliwasahau faji? Kwanza, dawa nyingi za faji zilizouzwa miaka ya 1930 zilikuwa mbovu, nyingine hazikuwa na faji hai hata mmoja. Pili, faji ni mchaguzi. Faji anayeua bakteria wa kuhara damu hamgusi wa kidonda, na mara nyingine hamgusi hata wa kuhara damu wa jirani. Ni lazima upime kwanza. Halafu ikaja penisilini. Alexander Fleming aliigundua mwaka 1928, na vita vya pili vya dunia vilipokuwa vinaisha ilikuwa inatengenezwa kwa wingi. Dawa moja, magonjwa mengi, hakuna kupima sana. Nani angesubiri faji?

Lakini Fleming mwenyewe alishaona tatizo. Desemba 1945, akipokea Tuzo ya Nobel, alitoa mfano wa mtu anayejinunulia penisilini kwa ajili ya koo, anameza kidogo, hawaui bakteria bali anawafundisha kuishi na dawa, kisha anamwambukiza mke wake, na mke anakufa kwa sababu dawa haimsaidii tena. Mfano huo aliutunga, lakini ukweli haukuchelewa. Methisilini ilitengenezwa kwa ajili ya bakteria walioishinda penisilini, ikaanza kutumika mwaka 1959. Kufika 1961 Uingereza ilikuwa tayari na bakteria walioishinda hiyo pia. Miaka miwili tu, jamani.

Sisi tunaopita bloku kwa bloku tunamkuta yule mtu wa Fleming kila wiki. Anaitwa "nipe vidonge viwili vya rangi mbili". Anaitwa mama aliyegawa dozi moja kwa watoto wawili kwa sababu wote wana homa na foleni ya kliniki inaanza alfajiri. Hatuwezi kumwita mjinga. Dozi kamili inahitaji pesa, muda na mtu wa kukueleza. Ila bakteria hajui kama wewe ni mkimbizi, anachojua ni kwamba dawa ilikuwa kidogo. Watafiti walikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria walioshinda dawa, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyoumia zaidi kwa uwiano wa watu.

Sasa bilinganya.

Madaktari wa London walimwandikia Graham Hatfull wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani. Yeye ana friza zenye faji zaidi ya 10,000, na wengi wao hakuwakusanya yeye. Walikusanywa na wanafunzi, wengi wa mwaka wa kwanza chuoni, ambao wanaambiwa: nenda, chota udongo, tafuta faji wako, mpe jina. Ni somo la kujifunzia sayansi. Hakuna aliyekuwa anatafuta dawa ya mtu fulani. Mwaka 2010, mjini Durban, mwanafunzi mmoja alimpata faji chini ya bilinganya iliyooza, akamwita Muddy, yaani mwenye matope. Muddy akawekwa kwenye baridi na akakaa humo miaka.

Maabara ilipojaribu faji mmoja baada ya mwingine juu ya bakteria wa yule msichana, Muddy aliwaua vizuri. Wengine wawili, kutoka udongo wa Marekani, walikuwa na tabia ya kujificha ndani ya bakteria bila kumuua, basi watafiti wakawaondolea jeni inayowafanya walale. Wakachanganywa watatu. Juni 2018 msichana akaanza kudungwa mchanganyiko huo kwenye mshipa mara mbili kwa siku. Ndani ya miezi sita kidonda kilikuwa kimefunga, ini linafanya kazi vizuri zaidi, vinundu vingi vimekwisha. Taarifa ilichapishwa Mei 2019.

Tusiongeze chumvi. Faji hawakugusa jeni aliyozaliwa nayo, na wakati taarifa ile inatoka bakteria hawakuwa wamekwisha wote. Pia mgonjwa mmoja hathibitishi dawa. Mwaka 2022 kundi hilohilo la watafiti liliripoti wagonjwa 20 wenye bakteria wa jamii hiyo, na waliopata nafuu walikuwa 11. Kwa upande wa jeni, dawa ya sistiki faibrosisi iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019 inasaidia wagonjwa wengi sana, lakini ilitangazwa kwa bei ya zaidi ya dola 300,000 kwa mwaka kwa mtu mmoja. Soma tena hiyo namba ukiwa umeshika kadi yako ya chakula.

Tulipozungumza habari hii kwenye kikao chetu, swali lilikuwa moja: Muddy katoka Afrika, mbona aliyetibiwa kwanza alikuwa London? Wengine walisema ni ubaguzi tu. Sisi tunaona jibu liko kwenye vifaa. Ili faji afanye kazi, lazima kwanza uoteshe bakteria wa mgonjwa kwenye maabara, siku kadhaa, halafu umjue ni nani na anakufa kwa kitu gani. Kipimo hicho cha kuotesha ndicho kinachoonyesha pia antibiotiki ipi bado inafanya kazi. Kwenye kliniki nyingi za kambi kuna kipimo cha malaria, kuna hadubini, lakini cha kuotesha bakteria hakuna. Mhudumu anakutazama, anakadiria, anakuandikia. Akikosea unarudi baada ya wiki na anakuandikia nyingine. Kwa hiyo ndugu wa mashirika, mkikaa kupanga bajeti ya mwaka ujao na mkafika kwenye mstari wa maabara, swali letu ni hilo.