Zabuni za kaunti nchini Kenya: safari huanza kikaoni, si kwenye tangazo

Neno kaunti lina maana mbili katika pande mbili za mpaka wa Busia. Upande wa Uganda, kaunti ni sehemu ya wilaya, na wengi huijua kama jimbo linalompeleka mbunge Kampala. Upande wa Kenya, kaunti ni serikali: ina gavana aliyechaguliwa, bunge lake, hazina yake na bajeti yake. Serikali hizo ni 47. Zilianza kazi baada ya uchaguzi mkuu wa Machi 2013, na Katiba ya mwaka 2010 inazihakikishia zote kwa pamoja mgao usiopungua asilimia 15 ya mapato ya serikali ya taifa, kwa kufuata hesabu za karibuni zaidi zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge.

Fedha hizo hununua dawa za zahanati, changarawe ya barabara za vijijini, madawati ya chekechea na mabati ya vibanda vya soko. Kwa hiyo kaunti ni mteja mkubwa, na mfanyabiashara wa Tororo au wa Mbale anayepeleka mahindi, mbao au mayai ng'ambo ya mpaka huenda bidhaa zake zimekwisha kufika katika ghala la kaunti bila yeye kujua. Wengi husubiri tangazo la zabuni gazetini. Tangazo lakini huja mwishoni mwa safari ndefu.

Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 inamkataza afisa mhasibu kuanzisha ununuzi wowote kabla ya kuridhika kwamba fedha zake zimetengwa katika bajeti iliyoidhinishwa. Maana yake ni nyepesi kueleza: kisichokuwemo katika bajeti hakitangazwi kihalali. Anayetaka kujua kaunti itanunua nini mwakani hana budi kufuatilia bajeti inavyotungwa, na bajeti hutungwa katika vikao vilivyo wazi kwa watu wote.

Mwaka wa fedha wa Kenya huanza tarehe 1 Julai. Kufikia tarehe 1 Septemba, serikali ya kaunti inapaswa kuwa imewasilisha bungeni mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata, wenye majina ya miradi na makadirio ya gharama. Kufikia tarehe 28 Februari hufuata waraka wa mkakati wa fedha, unaoweka kikomo cha kila idara. Makadirio yenyewe ya bajeti hufika bungeni kabla ya tarehe 30 Aprili, na kati ya hapo na tarehe 30 Juni kamati ya bajeti hulazimika kusikiliza maoni ya wananchi. Huo ndio msimu wa mikutano katika wadi, chini ya miti, katika kumbi za makanisa na viwanja vya shule. Anayehudhuria husikia, pengine kwa mara ya kwanza, kwamba soko fulani litaezekwa au kisima fulani kitachimbwa. Asiyehudhuria hulisoma hilo miezi kadhaa baadaye, likiwa limebaki na siku chache tu za kuwasilisha zabuni.

Bunge la kaunti nalo halifungi milango yake kwa hiari. Ibara ya 196 ya Katiba inaliagiza liendeshe shughuli zake kwa uwazi, pamoja na vikao vya kamati zake, na linaweza kuwazuia wananchi au wanahabari pale tu ambapo kuna hali ya pekee na Spika ameamua kwamba sababu zake ni za haki. Ibara hiyo inataja umma, haiulizi kitambulisho. Haki ya kudai nakala za nyaraka ni jambo jingine: Ibara ya 35 inampa haki hiyo raia wa Kenya, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi iamue juu ya ombi lake ndani ya siku 21. Mganda anaweza kuketi na kusikiliza. Kwa karatasi, atahitaji mwenzake Mkenya.

Kuna kikao kingine ambacho watu wachache hukihesabu kuwa kikao, nacho ni cha kufungua zabuni. Saa ya mwisho ikipita, hakuna bahasha inayopokelewa tena. Zilizopokelewa hufunguliwa papo hapo mbele ya wazabuni au wawakilishi wao wanaotaka kuwepo, na jina la kila mzabuni na bei yake husomwa kwa sauti. Bei iliyosomwa ndiyo bei. Sheria haimruhusu mtu kuirekebisha baadaye, hata kama alikosea kujumlisha. Kuhudhuria ni jambo la maana kuliko linavyoonekana, kwa sababu mzabuni aliyesikia bei za wenzake anajua mapema kama kuna la kuuliza matokeo yatakapotoka, na anaweza kuomba nakala ya kumbukumbu za kikao. Tathmini haipaswi kuzidi siku 30.

Aliyeshindwa lazima aarifiwe, tena kwa sababu. Mkataba na mshindi hautiwi saini kabla ya siku 14 kupita, na ndani ya siku hizo anayeona amedhulumiwa anaweza, kwa ada, kupeleka shauri mbele ya bodi ya kitaifa ya kupitia malalamiko ya ununuzi, iliyoko Nairobi. Shauri likisajiliwa ununuzi husimama, na bodi ina siku 21 za kuamua. Siku hizo 14 ndizo zinazowaponyoka wengi. Malalamiko ya siku ya 15, hata yawe ya kweli kiasi gani, hukuta mlango umefungwa.

Je, Mganda anaweza kuingia katika kinyang'anyiro hicho? Hapa sheria mbili zinatazamana. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, katika kifungu cha 35, inazikataza nchi wanachama kuwabagua wauzaji na bidhaa za nchi nyingine mwanachama katika ununuzi wa umma. Sheria ya Kenya, kwa upande wake, inawatengea raia wake ununuzi unaogharamiwa na fedha za Kenya pekee na ulio chini ya kiwango cha kanuni, na kiwango hicho ni kikubwa kiasi kwamba ununuzi wa kawaida wa kaunti huangukia chini yake. Juu ya hayo, asilimia 30 hutengewa makundi ya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu waliosajiliwa na Hazina ya Taifa, na asilimia 20 ya ununuzi wa kaunti hutengewa wakaazi wa kaunti husika. Anayebaki nje ya uzio huo, mara nyingi huingia kwa mlango wa nyuma ulio halali: anamuuzia bidhaa Mkenya aliyeshinda.

Na hapo ndipo hatari ilipo. Kufikia katikati ya mwaka 2024, madeni ya kaunti kwa wazabuni na wakandarasi, kwa hesabu ya Mdhibiti wa Bajeti, yalikuwa kiasi cha shilingi bilioni 180 za Kenya, Nairobi ikiongoza kwa mbali. Sababu zake ni kadhaa. Mgao kutoka serikali ya taifa huchelewa, kaunti hukadiria ushuru ambao hazitaukusanya, na kandarasi nyingine hutolewa wakati fedha hazipo, kinyume cha sheria ile ile iliyotajwa juu. Hata fedha zikiwepo, haziondoki katika akaunti ya kaunti bila idhini ya Mdhibiti. Sheria inatambua riba kwa malipo yaliyochelewa, lakini haki hiyo ni ya mwenye mkataba na kaunti. Mganda aliyemkopesha mshindi magunia ya mahindi hana mkataba na kaunti. Ana ahadi ya mtu ambaye naye anasubiri.

Mwenye busara huuliza mambo matatu kabla ya kupakia lori: kama mradi umo katika bajeti ya mwaka huu, kama mnunuzi ana hati ya agizo iliyotiwa saini, na kaunti hiyo ina madeni kiasi gani. La tatu halihitaji kumjua mtu yeyote ofisini, kwa kuwa Mdhibiti wa Bajeti huchapisha ripoti za kaunti kila robo mwaka, na deni la kila kaunti limo. Mwezi wa kuwa mwangalifu zaidi ni Juni. Fedha ambazo hazikutumika kufikia tarehe 30 ya mwezi huo huhesabiwa upya katika bajeti mpya, na ankara iliyofika mezani tarehe 28 inaweza kuanza mwaka mpya ikiwa deni.

Kuhusu mahali pa kutazama matangazo, mambo yanabadilika. Zabuni hutangazwa katika magazeti, katika tovuti za kaunti na katika tovuti ya taifa ya zabuni, tenders.go.ke. Tangu mwaka 2025 Hazina ya Taifa imekuwa ikitaka ununuzi wote wa umma upitie mfumo mmoja wa kielektroniki. Magavana wakapinga, na mvutano huo ukafika mahakamani. Afisi ya ununuzi ya kaunti yenyewe ndiyo inayoweza kumwambia mzabuni kama zabuni anayoitaka inapokewa kwa bahasha au kwa kompyuta.