Kabla ya Ua Kufika Helpston

Royce Wood ni msitu mdogo. Ukienda na picha ya Aberdare au Kakamega kichwani, utacheka. Ramani za leo huuita Rice Wood, na uko kusini mwa kijiji cha Helpston, kama kilomita 10 kutoka mji wa Peterborough, mashariki mwa Uingereza. Nilikwenda mwezi wa tano. Dada yangu mkubwa, ambaye anatunza wazee Peterborough, alikuwa kazini, nami nilikuwa na nauli ya basi na sina la kufanya mchana kutwa. Nilichokuta ni miti ya mwaloni, vichaka vya chini, ndege wengi kuliko nilivyotarajia, na nje yake mashamba ya ngano yenye mipaka iliyonyooka kama mistari ya daftari.

Hiyo mipaka ndiyo iliyonileta, na huwezi kuizungumzia bila John Clare.

Clare alizaliwa Helpston mwaka 1793. Baba yake alikuwa kibarua wa kupura nafaka, na yeye mwenyewe alisoma kwa vipindi, pesa ikipatikana, kisha akaingia kazini akiwa bado mtoto. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, kwa hivyo mwandishi asiye na cheti hunivutia haraka. Mwaka 1820 kitabu chake cha kwanza cha mashairi kilitoka London na kununuliwa zaidi ya nakala 3,000 ndani ya mwaka mmoja. Ukurasa wa mbele ulimtambulisha kama mkulima maskini wa Northamptonshire, maana hiyo ndiyo iliyokuwa ikiuza. Baadaye wasomaji walimchoka. Alifariki mwaka 1864 katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Northampton, baada ya kukaa humo zaidi ya miaka 22.

Sasa, Helpston aliyozaliwa Clare haikuwa na mistari ninayoiona mimi. Kulikuwa na mashamba matatu makubwa yasiyo na ua: Lolham Bridge Field, Heath Field na Woodcroft Field. Kila shamba lilikatwa vipande vyembamba, na mkulima mmoja angeweza kuwa na vipande vyake huku na kule, vimechanganyika na vya jirani. Kila mwaka shamba moja lilipumzishwa. Mavuno yakiisha, mifugo iliingia kula mabua, na wanawake na watoto wakaokota masuke yaliyobaki, kama Ruthu wa kwenye Biblia. Upande wa kusini, baada ya misitu, kulikuwa na nyika ya malisho aliyoiita Emmonsales Heath. Clare anasimulia kwamba utotoni aliivuka nyika hiyo akitafuta mwisho wa dunia, akidhani atachungulia shimoni aone siri zote. Alirudi usiku, nusu ya kijiji ikimtafuta.

Tusiipake rangi lakini. Ardhi ilikuwa na wenyewe, na mkubwa wao alikuwa Earl Fitzwilliam. Haki ya kulisha ng'ombe nyikani ilifungamana na nyumba fulani fulani, na wengine walivumiliwa tu. Kibarua alikuwa kibarua. Ila alipita. Angeweza kutoka kijijini akatembea mpaka macho yachoke bila kukutana na geti.

Mwaka 1809 Bunge lilipitisha sheria ya kuzungushia ua ardhi ya Helpston na vijiji vya jirani. Clare alikuwa na miaka 16. Wakaja makamishna na wapima ardhi na minyororo yao. Vipande vikakusanywa, kila mwenye haki akapewa eneo moja la pembe nne, vijito vikanyooshwa, barabara mpya zikachorwa, na nyika ikagawanywa. Kazi hiyo ilichukua miaka 11 hadi hati ya mwisho kutiwa sahihi mwaka 1820, mwaka uleule wa kitabu chake. Haikuwa Helpston peke yake: kati ya 1604 na 1914 Bunge lilipitisha sheria kama hizo zaidi ya 5,200, zikagusa zaidi ya sehemu moja ya tano ya Uingereza yote.

Mwenye eneo jipya alitakiwa alizungushie ua kwa gharama yake. Tajiri alimudu. Mwenye ekari mbili tatu mara nyingi aliuza. Mti uliotumika una miiba na maua meupe, na unapandwa ukikatwakatwa mpaka ushikane, kazi ileile ya kayaba kwetu. Na nani alipanda? Clare mwenyewe alikuwa kwenye vikundi vya vibarua vya kuweka ua. Njaa haingoji msimamo.

Niliposoma habari hiyo mara ya kwanza nilimpigia simu cucu yangu, Murang'a. Nilimuuliza vipande vya guka vilikuwa vingapi kabla ya ile anayoiita dimakesheni. Akasema saba, akavitaja kimoja kimoja bila kufikiri: cha mtoni cha nduma, cha udongo mwekundu cha viazi vitamu, cha juu kwenye ukingo cha mahindi na maharagwe, hivyo hivyo mpaka saba. Mzungu aliyeona vipande vile aliona fujo. Cucu anaona akili: mvua ikikosa juu, mtoni kuna chakula.

Mwaka 1954, katikati ya Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilileta mpango wa Roger Swynnerton. Vipande vikusanywe, kila mtu apewe shamba moja, apewe hatimiliki, alime kahawa. Ukiuweka karibu na hati ya Helpston, utafikiri mwandishi ni mmoja. Tofauti ni kwamba huku kwetu watu zaidi ya milioni moja walikuwa wamehamishiwa kwa nguvu kwenye vijiji vya Dharura, na maelfu ya wanaume walikuwa kizuizini wakati kamati zinapima. Guka alikuwa kizuizini. Aliporudi alikuta ana shamba moja, mteremkoni, bila mto. Siku hizi wanawe wanaligawanya tena, na nimehesabu fungu litakalonifikia mimi: litakuwa kipande chembamba kuliko vile vya guka.

Siwezi kusema ua ulileta hasara tupu. Wanahistoria wanabishana mpaka leo kuhusu nani hasa alipoteza nini. Nafaka iliongezeka, na kwa muda vibarua walipata kazi ya kupanda na kuchimba mitaro. Kahawa ya Murang'a ilisomesha watu, baba yangu akiwemo. Lakini Clare alikuwa akiandika jambo ambalo halimo kwenye hesabu ya magunia. Katika shairi moja fupi anaeleza woga wa kutembea pasipo na njia, jinsi alivyogeuka kila mara kuangalia, akiogopa mwenye shamba anakuja. Hofu hiyo aliijua tangu ujana. Alipokuwa na miaka kama 13 alinunua kitabu cha mashairi huko Stamford, na kwa kuwa hakutaka kuonekana akisoma siku ya kazi, aliruka ukuta wa bustani ya Burghley akajificha ndani kukisoma. Yaani, ili asome, ilibidi avamie mali ya mtu.

Hata lugha yake iliwekewa ua. Clare aliandika kwa maneno ya kijijini kwao na hakupenda nukta na mikato. Sarufi aliifananisha na udikteta. Mchapishaji wake, John Taylor, alisahihisha. Lord Radstock, mmoja wa wafadhili, alidai mistari iliyolaani utajiri kwa kuharibu kijiji iondolewe, na katika matoleo ya baadaye ikaondolewa. Mwandishi yeyote anayelipwa kwa makala anajua barua pepe ya namna hiyo: kazi nzuri sana, ila hapa tupunguze makali.

Juni 1825, kwenye pembe ya msitu huu wa Royce, Clare aliwakuta wanaume watatu wakipima. Aliuliza, akaambiwa ni mpango wa reli ya kutoka Manchester hadi London. Aliandika kwenye shajara yake kwamba njia ingekata karibu na chemchemi anayoipenda. Reli hiyo haikujengwa hapo. Hata hivyo nilisimama kwenye pembe ya msitu nikawaza jinsi alivyojua mara moja maana ya mtu mwenye minyororo ya kupimia kusimama kando ya miti.

Mwaka 1832 alihamia Northborough, kama kilomita 5 tu, na maandishi yake yanasomeka kana kwamba amepelekwa ng'ambo. Mwaka 1837 aliingizwa hospitali huko Epping. Julai 1841 alitoroka, akatembea karibu siku nne kurudi kwao, akila nyasi za kando ya barabara.

Kutoka Royce Wood nilitembea kusini hadi Castor Hanglands, ambayo sasa ni hifadhi ya taifa. Ndani yake kuna nyika ya Ailsworth, mabaki ya Emmonsales ya Clare. Ilinusurika kwa sababu vijiji vya Castor na Ailsworth vilichelewa mno kuzungushiwa ua. Kwao ilikuwa 1898. Nilisimama hapo nikihesabu kwa vidole. 1898, miaka mitatu baada ya Uingereza kutangaza himaya yake Afrika Mashariki. Walikuwa bado hawajamaliza kukata vipande vya wakulima wao wenyewe, na tayari walikuwa na ramani yetu mezani.

Njiani kurudi kijijini kuna Swaddywell. Wakati wa ua, machimbo haya ya mawe yalikabidhiwa kijiji yatoe mawe ya barabara. Clare aliliandikia shairi ambalo eneo lenyewe ndilo linalozungumza, likilalamika kwamba limechimbwa mpaka halina hata nyasi za kumlisha sungura, na kwamba karibu litabaki jina tu. Karne ya 20 likawa jalala, kisha uwanja wa magari ya mashindano. Mwaka 2003 shirika la wenyeji lililinunua. Sasa kuna madimbwi yenye mijusi-maji, na msimu ukifika, okidi zenye ua linalofanana na nyuki. Nilifungua geti dogo la mbao, ambalo halikuwa na kufuli, nikaingia. Ndani kulikuwa na kondoo wachache na mwanamke mzee aliyenisalimia, akanionyesha pa kukanyaga ili nisiharibu maua.