Safari za boti ndogo kwenda Maziwe: kwa nini bahari ndiyo hupanga ratiba

Kisiwa cha Maziwe kipo baharini mbele ya Pangani, kama kilomita 8 kutoka pwani. Ni fungu la mchanga mweupe lililozungukwa na matumbawe. Hakina nyumba, mti wala kivuli. Maji yanapojaa sana, hasa siku za bamvua, kisiwa chote hufunikwa na aliyekifuata hana pa kusimama.

Hata hivyo watu huenda. Wageni huja kuogelea na kutazama samaki, na wanafunzi huja kujifunza. Baadhi ya wavuvi wa Pangani na Ushongo hupata riziki kwa kuwapeleka. Makala hii inaeleza safari hizi zinavyofanyika, hatari zake, na mambo ya kuuliza kabla ya kupanda chombo.

Safari ya namna gani?

Meli kubwa ya abiria huenda bandarini na kuondoka kwa saa iliyopangwa. Safari ya chombo kidogo ni tofauti. Abiria ni wachache, mahali pa kushukia hapana gati, na mpango hubadilika kufuatana na hali ya bahari.

Safari kama hizi zipo pia kaskazini kabisa mwa dunia. Katika visiwa vya Svalbard, vilivyo chini ya Norway, meli ndogo hupita kati ya mapande ya barafu na abiria hushushwa ufukweni kwa boti za mpira. Barafu ikifunga njia, nahodha hugeuza. Tangu Januari 2025, sheria za huko haziruhusu meli yenye abiria zaidi ya 200 kuingia katika maeneo yaliyohifadhiwa, na watu hushuka katika sehemu maalumu tu. Ni lazima pia kukaa mbali na dubu weupe, angalau mita 300.

Huko kinachotawala ni barafu. Kwetu ni maji kujaa na kupwa, pamoja na pepo za kusi na kaskazi. Lakini kanuni ni moja: mahali dhaifu panahitaji watu wachache, muda mfupi, na nahodha anayeweza kusema "leo hatuendi".

Maji hupangaje safari?

Katika pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa takribani siku moja. Kutoka kujaa hadi kupwa ni kama saa 6 na robo. Kila siku muda husogea mbele kwa karibu dakika 50. Kama leo maji yamekupwa saa 4 asubuhi, kesho yatakupwa karibu saa 5 kasoro dakika 10.

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Hayo ndiyo bamvua. Siku hizo maji hukupwa asubuhi, karibu saa 4 hadi saa 5, na kujaa karibu saa 10 jioni. Kati ya bamvua moja na nyingine huwa maji mafu, ambayo hayapandi wala kushuka sana.

Kwa hiyo anayekwenda Maziwe siku za bamvua huondoka asubuhi na kurudi mchana, kabla maji hayajapanda. Mgeni aliyelipa anaweza kuomba kubaki kidogo zaidi. Nahodha mzuri hamkubalii, kwa sababu mchanga unapoanza kumezwa, watu, vyakula na mizigo hupandishwa chomboni kwa haraka katikati ya mawimbi, na hapo ndipo ajali hutokea.

Mlango wa mto Pangani nao unahitaji uangalifu. Wakati wa kupwa, maji yanayotoka mtoni hukutana na mawimbi yanayotoka baharini, na mawimbi hayo huinuka na kuwa makali. Chombo kilichojaa kupita kiasi huweza kuingia maji hapo, kabla hata hakijafika bahari kuu.

Upepo nao?

Kusi huvuma kati ya Aprili na Septemba, na huwa kikali zaidi Juni hadi Agosti. Kaskazi huvuma Desemba hadi Machi. Mara nyingi upepo huongezeka mchana, hivyo bahari iliyotulia asubuhi huweza kuchafuka wakati wa kurudi.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa utabiri wa bahari. Ukisikia redioni angalizo la upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, na Tanga imetajwa, boti ndogo haifai kutoka.

Kwa nini kisiwa ni dhaifu?

Zamani Maziwe ilikuwa na mivinje na majani. Mizizi ilishika mchanga. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti ilikuwa imetoweka, na mchanga ukabaki wazi kwa mawimbi. Leo kisiwa ni eneo tengefu la bahari, ambako uvuvi hauruhusiwi na mgeni hulipa kiingilio.

Kasa bado hupanda Maziwe kutaga. Kiota kimoja huweza kuwa na mayai zaidi ya 100, na huchukua takribani miezi 2 kuangua. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, kwa hiyo mayai yakiachwa pale huzama na kuoza. Ndiyo maana walinzi wa kasa huyahamishia ufukwe wa Ushongo. Kazi hiyo hufanywa mapema, kwa mikono iliyofunzwa, kwani yai likigeuzwa baada ya saa chache kiumbe kilichomo huweza kufa.

Matumbawe nayo huvunjika kwa nanga na kwa miguu, na hukua polepole sana. Nanga itupwe kwenye mchanga, au chombo kifungwe kwenye boya. Makombe yabaki yalipo.

Maswali ya kumuuliza nahodha

1. Chombo kina leseni na kimekaguliwa? Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC) ndilo husimamia usalama wa vyombo vya majini.

2. Kinaruhusiwa kubeba watu wangapi? Mtoto pia ni mtu mmoja. Meli ya MV Spice Islander I ilizama Septemba 10, 2011 ikielekea Pemba ikiwa imebeba watu wengi kupita uwezo wake, na zaidi ya watu 200 walithibitishwa kufa.

3. Kila mtu ana jaketi okozi linalomtosha? Livaliwe tangu mwanzo, lisikaliwe kama mto.

4. Maji yanakupwa saa ngapi, na tutaondoka kisiwani saa ngapi? Asiyeweza kujibu hili hajapanga safari.

5. Mashine ikizima, kuna tanga au makasia?

Kabla ya kuondoka, mwachie mtu wa nchi kavu maelezo: mnakwenda wapi, mko wangapi, mtarudi saa ngapi. Simu iwe na chaji na ifungwe ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji. Namba ya dharura ni 112, na ya Zimamoto na Uokoaji ni 114. Msiporudi kwa wakati, mtu huyo apige simu mapema, kabla giza halijaingia.

Na kwa mvuvi anayefikiria kuanza kazi ya kupeleka wageni: boti moja yenye watu wachache inayorudi salama kila mara itakuletea wateja wengine. Kisiwa kikikanyagwa na kuchafuliwa, au ajali moja ikitokea, kijiji kizima kitapoteza kazi hiyo.